Filimbi Kwenye Ukungu wa Kizwite

Wewe cheka tu. Watu wakisikia Sumbawanga wanajiandaa kudanganywa, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, sijaonja hata togwa.

Kazi yangu ni kulisha panya weupe kwenye maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Wamefundishwa: filimbi ikilia, wanakimbilia kona yenye ulezi. Halafu wanadungwa dawa. Ee bwana, panya aliyekuwa hodari jana unampulizia filimbi, ananyanyua mguu mmoja, anaganda hapohapo, macho hayana mtu ndani. Dawa ikimwisha, anakumbuka. Nilikuwa nawaonea huruma, ila kuogopa, hapana.

Sasa, mwezi wa saba, na baridi yetu ile, nakatiza mashamba ya Kizwite kwenda kazini. Ukungu mzito. Mbele yangu kuna mtu anakusanya mabua ya mahindi. Nani? Kaka yangu Deo. Deo tuliyemzika mwaka juzi, nikamtupia udongo kwa mkono wangu huu. Niamini, kovu lake la shavuni nalijua.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya nilivyolelewa. Kwetu Ufipa mkubwa humsalimii umesimama. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu, nikamwamkia shikamoo.

Akainua mikono aitikie. Viganja havikukutana, vikaganda hewani. Na yale macho, jamani, nilikuwa nayaona kila siku kazini. Midomo ikahangaika weee, mwisho akasema, "Mama bado anakohoa?"

 Nikajua dawa inamwisha, ananirudia. Ndipo filimbi ikalia huko ukunguni. Deo akatupa mabua akakimbia, na mimi bado nimechuchumaa pale kama mjinga. Nilimtafuta mpaka jua likawa kali. Sikuona mtu.

Nilipomweleza mama, hakubisha, hakulia. Aliuliza tu kama Deo alikuwa amevaa sweta. Hakuwa nalo. Tangu siku hiyo mama hajifuniki blanketi usiku, na kikohozi kimezidi.

Majirani wanasema ni msukule, kwamba kuna mchawi anamtumikisha mashambani, padri anasema tusali. Tunasali. Filimbi ikipulizwa maabara natoka nje, siwezi kutazama. Kila asubuhi napita shamba lile, na sijamwona tena.

Kwa hiyo nakuambia wewe uliyezika mtu: ukimwona, adabu weka kando. Usimwamkie, usimuulize kitu. Mkamate kwanza.