Mtobe wa Leo Asubuhi

Pale Mabawe, wilayani Ngara, kukamua ndizi ni kazi ya wanaume. Mwanamke huchuma, humenya, hukata nyasi za kukamulia na hukaanga mtama, lakini kuingia kwenye mtumbwi wa kukamulia na kukanyaga ndizi mbivu mpaka maji yatoke, hapana. Kwa hiyo watu walipomwona Domisiana, mjane wa Fabiani, amefunga kitenge magotini anakanyaga ndizi uani kwake, walisema msiba umempanda kichwani.

Hakuwajibu. Alizaliwa Nyamahanga, upande wa Biharamulo, akaolewa Ngara akiwa bado msichana, na alikwisha kujifunza kwamba mwanamke wa kuja akijibu, jibu lake huitwa ugomvi. Alikanyaga tu. Akajua ndizi za mgomba upi hutoa maji mengi, akajua nyasi zipi hazitii uchungu. Akajua zaidi ya yote tofauti ya mtobe na rubisi. Mtobe ni maji matamu ya ndizi, yametoka kukamuliwa, hata mtoto hunywa. Ukiyatia unga wa mtama wa kukaanga na kuyafunika, yanachacha na kuwa rubisi, pombe ya kulaza wanaume. Katika mtobe hakuna mtama. Hilo ndilo alilotaka kulijua kwa miguu na kwa ulimi wake, ili siku ikifika asibabaike.

Fabiani alikuwa utingo wa lori la maharage. Kuna mwaka lori lao lilitekwa msituni kabla ya kufika Biharamulo mjini. Majambazi waliwalaza kifudifudi barabarani, mtutu wa bunduki ukiwa kisogoni kwake, mpaka walipomaliza kuchukua walichotaka. Alirudi nyumbani mzima, hana hata mkwaruzo. Lakini tangu hapo mlango ukigongwa moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akashika shati lake kifuani kama anayezuia kitu kisitoroke. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa wasiwasi, wakampa vidonge. Muuguzi alimgeukia Domisiana.

"Mama, huyu asiguse pombe. Hata ya kuonja. Vidonge hivi vinatuliza, na pombe inatuliza. Vikikutana vinaweza kutuliza mpaka pumzi."

Fabiani alishika maneno hayo kama amri ya kanisani. Akalala usiku, akaanza tena kulima. Kwenye sherehe alikaa pembeni ya mtungi, mikono mapajani, wenzake wakivuta kwa mirija.

"Fabiani hanywi siku hizi," alisema mzee Protasi, ambaye hakuna sherehe iliyokosa ulimi wake. "Mwacheni. Huenda ana mimba."

Wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Idefonsi, kaka yake Fabiani, tumbo moja. Fabiani naye akacheka kidogo, maana mtu akichekwa na ukoo wake atafanya nini?

Kisha ikaja harusi ya mpwa wao. Pombe ya harusi aliikamua Idefonsi mwenyewe. Katikati ya ngoma alimletea mdogo wake kibuyu kilichojaa. "Mtobe huu, ndugu yangu. Wa leo asubuhi. Nimekuwekea wewe." Domisiana aliyasikia akiwa upande wa wanawake. Fabiani alifurahi kukumbukwa. Akakipokea, akanywa, akaondoka nacho. Asubuhi walimkuta kwenye migomba, njiani kuelekea kwake, amelala kifudifudi vilevile kama siku ile barabarani. Pumzi haikuwamo.

Hospitali walisema pombe imekutana na dawa. Kaburini Idefonsi alifuta macho, akasema mbele ya watu wote, "Tulimkataza. Lakini mtu akishikwa na kiu, utamfunga kamba?" Kuanzia siku hiyo Fabiani akawa mfano. Vijana wakionywa juu ya pombe, waliambiwa, msije mkafa kama Fabiani mlevi. Binti yake, Nice, aliyasikia hayo shuleni.

Domisiana ndiye aliyekiokota kibuyu kule migombani. Kilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya wa shaba, kila mtu ukooni alikijua kuwa cha Idefonsi. Alikinusa. Juu kulikuwa na utamu wa mtobe, wa siku hiyohiyo. Chini ya utamu kulikuwa na harufu ya moshi. Aliingiza kidole, kikatoka na chenga za mtama wa kukaanga.

Rubisi iliyofichwa ndani ya mtobe. Alikaa chini pale pale. Alimjua Idefonsi; hakutaka kuua. Alitaka wacheke. Alitaka kumwona mdogo wake akiyumba, apigiwe makofi, aambiwe amepona. Na hilo ndilo lililokaa moyoni mwa Domisiana kama jiwe katika maharage, kila akitafuna linarudi. Adui akikuua, umekufa kwa jambo. Fabiani alikufa kwa kicheko.

Hakumwambia mtu. Nani angemsikiliza mwanamke wa Nyamahanga, ushahidi wake chenga za mtama? Alikausha kibuyu juani, akakitundika jikoni, akaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia.

Siku zikaenda. Jioni moja akaja Melania, mke wa Idefonsi, mwanamke mpole asiyejua kuzunguka maneno.

"Mke mwenzangu, nina jambo, usinicheke. Vile vidonge vya marehemu, vilimfanya aongee usingizini?"

Domisiana aliacha kuchambua maharage. "Kwa nini?"

"Baba Gidioni halali. Anaamka, anasema kuna mtu amelala kwenye migomba. Tumekwenda hospitali, kimyakimya, hataki watu wajue. Wamempa vidonge kama vile. Ni kweli Fabiani alikatazwa hata kuonja pombe? Nikimwuliza mume wangu anasema hajui."

Domisiana alimtazama mwanamke huyu ambaye hakuwa na kosa lolote. Neno la kweli lilikuwa mdomoni, fupi, jepesi.

"Mwambie asiguse pombe," akasema mwishowe. "Na mwambie ni mimi niliyesema. Halafu mwulize tena. Yeye anajua vizuri kuliko mimi."

Melania alipoondoka, Domisiana alicheka peke yake jikoni, kicheko kisicho na sauti. Kesho yake akaenda kwa mzee Protasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Nice. Umekuja kunikamua na mimi?"

"Nimekuja kuomba tuondoe msiba wa Fabiani. Pombe nitatengeneza mwenyewe."

Hakuna aliyeweza kukataa. Ulikuwa umechelewa tayari. Na kila mtu alijua taratibu. Mjane huleta mtungi, huonja kwanza kuonyesha kwamba hakuna sumu, kisha ndugu wa marehemu huvuta mrija wa kwanza. Ndugu akiukataa mtungi wa mjane, ni kama amesema mwenyewe kwamba damu ya marehemu iko mikononi mwake.

Alikaanga mtama mpaka ukawa mweusi, akatia mwingi. Usiku aliusikia mtungi ukichemka chini ya majani ya migomba, akajiuliza, Idefonsi akivuta kweli, nitamzuia? Alijiuliza kwa utulivu, kama anayejiuliza kama atapanda maharage au mahindi. Jibu hakulipata. Wala hakulitafuta sana.

Siku yenyewe uani kulijaa. Katekista aliomba, watu wakaitikia. Domisiana akaonja, akafuta mrija, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Shemeji, karibu. Kwa niaba ya mdogo wako."

Idefonsi alikuwa amekonda. Aliushika mrija, akauweka mdomoni, akainamisha kichwa muda mrefu. Ukoo ukasubiri.

"Shemeji," Domisiana akasema, "koo halichezi."

Mzee Protasi akanyoosha shingo. "Kweli bwana. Idefonsi, unavuta au unaubusu?"

"Nitakunywa baadaye."

"Mrija wa kwanza hauna baadaye," mzee akamjibu.

Melania alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Idefonsi akautoa mrija. Alisema kwa sauti ndogo, "Niko kwenye dawa."

"Hawakusikia kule nyuma, shemeji."

"Nimesema niko kwenye dawa. Za wasiwasi. Nimekatazwa pombe."

Mtu mmoja akaangua kicheko, na Protasi, ulimi wake ukimtangulia kama kawaida, akasema, "Mwacheni. Huenda naye ana mimba." Wakacheka wote. Idefonsi alishika shati lake kifuani. Domisiana alikuwa hajaona mkono ukishika kifua hivyo tangu Fabiani afe. Kisha akaingia jikoni.

Alitoka na kibuyu chenye waya wa shaba.

"Mtobe huu, shemeji," akasema. "Wa leo asubuhi. Nimekuwekea wewe."

Kicheko kilikatika upande mmoja wa uani, kisha upande wa pili. Protasi aliyakumbuka maneno yale; alikuwapo. Idefonsi alikipokea kwa sababu kilikuwa kimekwisha kunyooshwa mbele yake. Alikinusa, na asingeweza kujua. Utamu huficha, na hilo yeye alilijua kuliko wote.

"Onja kwanza," akasema.

"Fabiani ulimwonjea?"

Idefonsi akakishusha kibuyu.

"Kunywa basi. Mtobe tu. Kwani mtu huweka nini kwenye mtobe wa ndugu yake?"

"Baba Gidioni," Melania akaita taratibu. "Kulikuwa na nini?"

Idefonsi alitazama waya wa shaba.

"Nilichanganya," akasema. "Kidogo. Tulitaka kucheka tu."

Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Protasi alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaitazama kama kitu kigeni. Domisiana alikichukua kibuyu kutoka mikononi mwa Idefonsi, akakinywa chote mbele yao, pole pole, koo likicheza. Kisha akakiinamisha juu ya ardhi iliyofagiliwa. Matone yakadondoka, maangavu, hayana hata chenga moja.

"Mume wangu hakuwa mlevi," akasema. "Mkawaambie na watoto wenu."

Alidhani usiku ule angelala. Hakulala. Alikaa mlangoni mpaka jogoo wakawika, moyo wake mtupu kama kibuyu, na hata furaha aliyoingoja muda wote ule haikuja ilivyomwahidi. Lakini hakusamehe, wala hakusema amesamehe, ingawa padri alimwomba. Kila anapokamua humjazia Idefonsi kibuyu kilekile, cha kwanza kabisa, akampa Nice apeleke na salamu zilezile: mtobe wa leo asubuhi.

Melania hukirudisha kimeoshwa. Anasema hajapata kunywa mtobe mtamu kama wa Mama Nice. Mumewe, anasema, hajawahi kuugusa.