Kwata ya Zaituni

Zaituni alikuwa binti wa sajenti, mzaliwa wa kambini Jinja, mtu asiyependa kusahihishwa. Kazi yake maabarani ilikuwa kutia thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, kwenye maji ya damu, kisha kuhesabu sekunde mpaka yagande.

Mwaka 1994 mtafiti aliyemsimamia, Dokta Wamono wa Mbale, alimchosha. Ati damu ya Mbale inaganda kwa sekunde kumi na tano, mbona ya Jinja thelathini? Akamtumia thrombini mpya mara tatu, kana kwamba Zaituni hajui kazi. Mwishowe akaja mwenyewe.

Alimkuta ameshika kichupa, anapiga kwata palepale aliposimama.

"Unafanya nini, mama?"

"Nahesabu, Dokta. Saa ya ukutani ilikufa Januari. Mwendo alionifundisha marehemu baba haufi."

Dokta akatazama saa yake ya mkononi, kisha miguu ya Zaituni. Hatua mbili kila sekunde.

"Punguza mwendo," akasema kwa sauti ndogo.

Zaituni akakunja uso. "Mwendo wa polepole ni wa mazishi, afande."

"Basi tuzike. Nimeshaandika kurasa arobaini kuhusu ugonjwa mpya wa Jinja."