Kiingereza cha Matanga

Nina lango la kuingilia nyumbani kwa sababu ya Kiingereza kibovu cha Wekoye. Kibovu nasema kwa utani tu. Kilikuwa kimezeeka.

Wekoye alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mjane aliyelima upande wa Saboti, karibu na Kitale. Macho ya yule mama yalipofifia, alimfundisha Wekoye kusoma ili amsomee vitabu vya ukoo wake, vingine vya miaka mia mbili iliyopita. Humo Wekoye akaokota "whilom", yaani hapo zamani, na "eftsoons", yaani upesi. Akajua pia kwamba "meat" kale ilikuwa chakula chochote, hata mboga. Mjane alipofariki, Wekoye alirudi Bungoma na daftari la maneno hayo, akaketi kwenye veranda ya duka la nguo kuwaandikia watu barua.

Makarani walimcheka, lakini alikuwa na hoja yake. Kwetu Wabukusu, msemaji wa kumuse, ile hotuba ya kuwaliwaza wafiwa baada ya mazishi, hutumia maneno mazito ya kale ambayo huwezi kuyasikia sokoni. Wekoye aliamini kwamba Waingereza nao wana maneno yao ya matanga. Basi barua ya ng'ombe aliiandika kwa Kiingereza cha kila siku, na ya msiba akaifungulia daftari.

Mwaka wa 1944 nilikuwa vitani Burma, na kwa mwaka mzima nyumbani hawakusikia habari zangu. Mama yangu, Wilkista, aliandikiwa barua mbili na karani kwenda jeshini. Hazikujibiwa. Ukoo ukaamua kuzika mgomba badala yangu ili roho yangu itulie. Na aliyezikwa hivyo, hata akirudi mzima, haingii tena bomani. Mama aliwalilia wazee wakampa miezi mitano, akaenda moja kwa moja kwa Wekoye.

"Mzee, niandikie ire ya kirio," alimwambia, yaani barua ya kilio.

"Keti, Mama Wabwile. Nieleze huyo kijana tangu uzazi wake, usiache kitu."

Akaeleza yote, hata kovu la teke nililopigwa na ndama chini ya sikio.

Mimi nilikuwa hospitalini India, nimeumia kichwa, sina karatasi za kunitambulisha wala sauti ya kutaja jina langu. Barua ilifika ofisi ya jeshi hukohuko na hakuna aliyeielewa. Ingekuwa nyepesi, nadhani ingelala kwenye rundo na zile mbili. Badala yake ilipita mkono kwa mkono, watu wakicheka, mpaka kwa padri mzee aliyependa vitabu vya kale. Yeye hakucheka. Alipofika kwenye kovu, alinikumbuka, maana aliwahi kukaa kando ya kitanda changu.

Alikuja, akavua kofia, akanisomea yote polepole. Sikuelewa kitu ila Wilkista, Wabwile na Chwele, kwetu. Machozi yakanitoka, nikasema neno langu la kwanza baada ya miezi minane: "Ndimi."

Jibu lilifika Bungoma siku nne kabla ya mazishi. Kaburi lilishachimbwa na mgomba ulishakatwa. Mama aliuburuta mwenyewe, akawatupia ng'ombe.

Nilirudi mwaka wa 1946, nikaingia kwa lango, mchana kweupe. Kesho yake nilimpelekea Wekoye jogoo. Namshukuru mtu yule hadi leo, na sijui kama jogoo alitosha. Alimpokea bila hata kumtazama, akaniuliza jambo moja tu.

"Hebu niambie, walielewa?"

Ningeweza kumwambia kwamba ofisi nzima ya wazungu ilishindwa. Nikamwambia lililo kweli pia:

"Mzee, aliyeisoma alivua kofia kwanza."

Wekoye akafunga daftari lake.

"Si nilisema? Hata wao wana kumuse."