Ulimi wa Haboba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili Koboko, Uganda, katikati ya miaka ya sabini, nilimwonea haya bibi yangu kwa sababu ya ulimi wake. Tulimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Alikuwa amepofuka kabla sijazaliwa, na hakutaka kushikwa mkono. Alitembea akigonga ulimi kwenye kaakaa, ta, ta, ta, akisikiliza sauti inavyomrudia. Uani aligonga polepole. Akikaribia ukuta aliharakisha mpaka sauti zikashikana, kisha akasimama bila kugusa kitu.

Nilimwuliza nani alimfundisha.

"Popo ya ile stoo ya tumbaku," alisema. "Sikia muzuri. Kitu iko mbali, yeye nauliza polepole. Kitu iko karibu, yeye nauliza mbio mbio. Mimi pia nauliza."

Mtaani kwetu watu waliamini kwamba popo huchukua roho za watoto, na kwamba sauti yake ikienda mbio juu ya paa, amekwisha kumwona atakayemchukua. Mvua za mwaka ule zilipoanza, mtoto wa jirani yetu, Mama Sauda, aliugua surua. Haboba alikwenda kumjulia hali, na pale mlangoni ulimi wake ukaharakisha, kama kawaida yake penye mlango. Siku ya pili mtoto akafa. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Wenzangu wa madrasa wakakataa kukaa nami mkeka mmoja.

"Bibi yako ni mulogi," waliniambia. "Iko naitia popo watoto."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira.

"Haboba, acha hiyo sauti. Kama unanipenda, acha."

"Watu iko nakusumbua sababu ya mimi?"

"Ndiyo."

"Basi, mutoto yangu. Nimeacha."

Akaacha kweli. Akashika fimbo, akawa anajigonga milangoni na kumwaga uji, yeye aliyekuwa akipita kati ya vyungu bila kutikisa hata kifuniko. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu wenzangu walinipisha tena mkekani.

Wiki ya tatu lori la mbao kutoka Kongo liliegeshwa kwenye njia ya kisimani, mbao zikitokeza nyuma kwa usawa wa kichwa. Nililiona asubuhi nikienda shule. Sikukumbuka kurudi kumwambia. Adhuhuri Haboba alikwenda kuteka maji ya udhu. Fimbo yake ilipita chini ya zile mbao bila kugusa kitu. Yeye akazivaa kwa paji la uso, akaanguka chali, akavunjika nyonga. Waliomwinua walinong'ona kwamba roho ya yule mtoto ndiyo iliyomwangusha.

Siku ya tisa aliniita. Nilisimama mlangoni, nikiogopa kuingia.

"Mutoto yangu, sasa mimi naweza uliza kidogo?"

Nilitikisa kichwa kukubali, nikakumbuka haoni, nikasema ndiyo. Akagonga ulimi, polepole, kwa taabu. Nikasogea hatua moja. Sauti zikaongeza mwendo. Nilipoinama kitandani zikashikana, na mkono wake ukanyooka moja kwa moja, ukatua shavuni mwangu. Alfajiri yake tulimzika.

Sasa naishi Arua, na wazee wa Koboko tukikutana bado husema popo walimrudia mwenyewe. Siwabishii, maana nikianza kubisha itabidi nieleze yote. Jioni popo wakitoka darini kwangu, nasikia sauti zao zikienda polepole, halafu mbio, na huwa naingia ndani nikafunga mlango. Ulimi ndio uliokuwa macho ya Haboba, na nilimwomba ayafumbe. Hakuniuliza mara mbili.