Shingo ya Fundi Breki

Katika ghala la zamani lililogeuzwa uwanja wa vigari vya mashindano, kila mtu alimwita Fundi Breki, hata mume wake anapokuwa amemkasirikia. Miaka mingi alikuwa amelala chali chini ya vigari vile, mikono ikaota sugu, na sasa alitaka kitu kimoja tu: kazi ya mkufunzi mkuu. Tajiri mwenye uwanja alikwisha kutamka mbele ya wote kwamba mshindi wa mbio za siku hiyo ndiye ataipata. Aliyebaki kumzuia ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza nyama mwenye kifua kama kabati.

“Shemeji, shingo yako hiyo ni ya kubebea ndoo,” muuza nyama alimchokoza wakivaa kofia.

“Na yako ni ya kubebea kichwa kitupu. Panda, tuondoke.”

Fundi alicheka, lakini shingo yake ilikuwa inawaka moto. Kigari hakina springi. Kwenye kona, kichwa na kofia yake hugeuka mzigo maradufu, tena mzigo usiovuta chini bali pembeni. Kona za uwanja ule karibu zote zilikuwa za kulia, na mazoezi yalikuwa yamekitupa kichwa chake kushoto mpaka misuli ikalegea. Basi akafanya ujanja wa madereva waliochoka: akafunga ukanda kutoka kwenye kofia mpaka kwapa la kulia, ukanda ubebe kilichoishinda shingo.

Mbio zilipoanza ilikuwa raha tupu. Kisha shemeji, aliyekuwa upande wa nje, akamkatia njia makusudi kwenye kona, akamgonga ubavu wa kushoto. Kiti kikamkita mbavuni. Akasikia kitu ndani kikikatika kama kijiti kikavu. Kichwa kilitaka kwenda, ukanda ukakataa, kofia ikajipinda na kamba ya kidevuni ikamkaba koo. Akang’ata ulimi. Damu ikajaa mdomo. Shemeji akamgonga tena.

“Huu ukanda utaninyonga,” aliwaza. Walipofika kwenye njia iliyonyooka akaunyofoa kwa mkono mmoja, akautupa.

Kabla ya kona ya mwisho alikilaza kichwa kulia mapema, akakaza tumbo, akapumua kwa pumzi fupi fupi, maana ndefu ilimchoma kama kisu. Akazama upande wa ndani wa kona. Shemeji akaja kumfungia njia kama kawaida yake, na safari hii fundi hakukwepa. Chuma kikala chuma, gurudumu likapanda gurudumu, kigari cha shemeji kikaruka na kujibamiza kwenye ukuta wa matairi. Mkono wake ulivunjika. Ukelele wake ulishinda injini.

Fundi alivuka mstari, akasimama, akashindwa kutoka. Kichwa kilikuwa kimemlalia begani. Mumewe, aliyekuwa akiona haya watu wa nyumba moja kuraruana mbele ya umati, alikuja mbio, akasita katikati: huku mke, kule mdogo wake analia. Fundi akamwonyesha kidole: nenda kule.

Tajiri aliinama. “Mama, kazi bado unaitaka?”

Mdomo umejaa damu. Akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akakiinua, akakiinamisha mwenyewe: ndiyo.