Udi Uliokuja Mapema

Mama alitaka kitu kimoja tu: kukiona chumba alichozaliwa babake. Babu aliondoka Oman angali kijana, akafia Unguja, na umri wake wote aliwasimulia wanawe ile nyumba ya udongo ya ghorofa mbili na bustani yake ya mitende na mikomamanga. Sisi tulirudi tukakaa Ghubra, hapa Maskati, na mama akakaa miaka ishirini akijipa moyo wa kwenda. Miaka ya tisini nilipopata gari, nikampeleka huko milimani.

Tulianzia bustanini. Mfereji wa kale ulikuwa mkavu, na nusu ya mitende imekufa wimawima. Mama alishika mti mmoja mmoja, akinitajia alivyosikia kwa babake, na mingi haikuwa ile. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Binamu yake mama ndiye aliyeishi nyumbani humo sasa; mkewe alitupokea chini, peke yake. Ikaja halwa, ikaja kahawa. Kiarabu cha mama ni cha kuombea maji, basi mimi ndiye niliyefasiri. Mwenyeji akaniuliza polepole kama mama amekuja na karatasi. Nikaelewa: anadhani tumefuata urithi. Nikamwambia mama anataka kukiona chumba cha juu, basi. Akatabasamu, akaingia ndani, akarudi na chetezo, udi unafuka.

Kwa watu wa huku, udi ukishapita, mgeni huaga. Kwa mama, aliyekulia Unguja, udi ni heshima tu. Akafukiza buibui, akafukiza mtandio, akajiegemeza vizuri kwenye mto.

"Ushaona walivyotukirimu?" akaniambia. "Sasa mwambie nnataka kupanda juu."

Mwenyeji alikuwa keshasimama mlangoni. Ningeweza kuomba mara ya pili. Ningeweza hata kugomba, na ulimi ninao. Lakini niliona haya, na sikutaka mama ajue kuwa tunafukuzwa. Nikamwambia ngazi imevunjika, tutarudi ikishatengenezwa.

Nyumbani aliusifia udi ule kwa kila aliyekuja kututembelea. Jirani yetu, mzaliwa wa huku ambaye hajapata kuvuka bahari, alimsikiliza, akanitazama, akainamia kikombe chake.

Kila msimu wa baridi mama aliniuliza, "Ile ngazi bado tu?"

"Bado, mama."

Tukaenda hivyo miaka saba. Mwisho alikuwa akiuliza kitandani, nami najibu huku nakunja nguo zake ili asinione uso.

Alipofariki, mke wa binamu alikuja matangani. Alinishika mkono, akalia kweli.

"Mume wangu alinigombeza sana siku ile," akasema. "Tulikifagia kile chumba, tukatandika. Tukamngoja. Mbona hamkurudi?"

Watu walikuwa wanasoma Yasini. Niliinama kama ninayesikiliza.