Chupa Mbili za Wahab

Wahab alitunza stoo ya kambi ya jeshi miaka sita kabla ya kuhamia maabara ya shule moja ya sekondari Kasese, mwaka 1973, na kambini alijifunza jambo moja tu: vitu vikilingana hesabu, ni kitu kimoja. Shati la vifungo saba ni shati la vifungo saba, basi.

Mende walipokula karatasi za chupa za maabara, Wahab alibandika mpya zenye hesabu tupu ya atomi. Chupa mbili zikapata maandishi yaleyale: kaboni nne, hidrojeni nane, oksijeni mbili.

"Wahab, hesabu iko sawa, lakini atomi imeshikana tofauti," mwalimu Okot alimwonya. "Moja ni asidi, ingine ni esta. Weka magadi, utaona. Asidi inatoa povu, ile ingine inanyamaza."

"Ndiyo, afande," akajibu Wahab, akaendelea kufuta vumbi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa, Wahab alimpenda Kulusum, binti wa Isa mwenye malori kule Bwera, alimpenda mpaka chakula kikawa hakishuki. Ijumaa ya kwenda kumposa, Kulusum alimpelekea ujumbe kwa dereva alfajiri. Harusini jana binamu zake walimpaka rangi ya kucha, haitoki hata kwa kisu, na kwa rangi hiyo udhu hautimii. Baba akiiona, posa imekwisha.

Wahab alijua esta huyeyusha rangi. Akachukua chupa zote mbili, maana mtu wa stoo hatembei bila akiba, akavaa kanzu nyeupe, akadandia lori. Mafua yalikuwa yameziba pua yake kabisa.

Jikoni kwa kina Kulusum alilowesha pamba, akagusa ukucha mmoja.

"Wahab! Hii iko nanuka samuli ya mwaka jana! Iko nanuka beberu!"

Wahab aliruka, chupa ikammwagikia kifuani. Kuku wakatoka jikoni bila kufukuzwa. Hapo ndipo alipomkumbuka Okot.

"Magadi! Leta magadi!"

Kulusum akatwaa magadi ya Katwe yaliyowekwa kulainishia maharagwe. Wakatia kidogo katika tone moja la kila chupa. La kwanza likachemka povu, la pili likanyamaza kimya. Chupa hiyo ya kimya ikaondoa rangi kucha zote kumi, na magadi yakamsafisha vidole.

Isa akaingia, pua mbele.

"Mutu ya kunuka hivi ndiyo anataka mutoto yangu?"

Wahab aliinamisha kichwa. Alikuwa na maelezo, lakini kila neno lingemfichua Kulusum. Akabaki akikamua kanzu.

"Baba," Kulusum akasema, "makosa iko yangu. Nilipaka rangi. Yeye alikuja kunitoa aibu."

Isa akawatazama. Akachota magadi ya kuua harufu, akamrushia Wahab kifuani. Povu likapanda juu ya kanzu, fuu! Mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

"Juzi Abubaker alikuja hapa kuposa," akasema akifuta machozi. "Mikono mbili, miguu mbili, kichwa moja, na marashi. Wewe pia mikono mbili, miguu mbili, kichwa moja. Hesabu iko sawa. Lakini yule angemutaja mutoto yangu mara moja ajiokoe. Nenda uoge, tuongee posa."